Athari ya jazi haiko kwenye tarumbeta
Wahakiki wetu wanalipenda mno neno 'athari'. Mtu akiona tarumbeta kwenye picha, basi, keshaona athari ya jazi! Mimi nasema huo ni uvivu.

Mtazame Romare Bearden (1911–1988), Mmarekani mweusi aliyekulia Harlem, msanii wa chapa na wa picha za kubandika vipande vya karatasi. Mwaka 1971 Makavazi ya Sanaa ya Kisasa, New York, yalimwandalia maonyesho ya kazi zake za miaka mingi.

Ni kweli, wanamuziki wamo tele katika kazi zake, zikiwemo chapa za mwaka 1979. Lakini jazi ilimwingia kwa mlango mwingine. Mchoraji Stuart Davis alimshauri amsikilize mpiga piano Earl Hines, hasa kimya anachokiacha baina ya noti. Bearden akajifunza kuacha nafasi kati ya rangi na rangi, nafasi inayofanya kazi kama kituo katika ubeti. Ndiyo maana hata picha yake isiyo na ala yoyote ina mdundo.

Kwa hivyo, ndugu mhakiki, ukidai kuna athari, tuonyeshe ilivyofanya kazi. Kuhesabu tarumbeta hakutoshi.