Lugha ya Shahidi katika Kanda za Zamani

L'Empire du silence, filamu ya Mbelgiji Thierry Michel iliyoonyeshwa mwaka 2022, imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya picha alizozipiga mwenyewe nchini Kongo kwa muda wa miaka thelathini hivi. Msingi wake ni taarifa ya Umoja wa Mataifa ya Oktoba 2010, yenye matukio 617 ya ukatili kuanzia Machi 1993, mwezi wa mauaji ya sokoni Ntoto, Walikale, yaliyowasha vita hadi Masisi. Ubora wa filamu hauna ubishi: picha zilizokwisha kusahauliwa zinageuka kuwa ushahidi.

Hata hivyo, kazi ya namna hii huibua swali ambalo wahakiki wa sinema hawalitilii maanani: shahidi anasikika kwa lugha gani? Kanda za Betacam SP, zilizotumiwa sana na wapiga picha wa televisheni katika miaka ya 1990, zina njia mbili za sauti ukingoni mwa mkanda, mbali na zile zilizorekodiwa pamoja na picha. Mara nyingi maikrofoni ya mkononi ilipewa njia moja, na ile ya kamera njia nyingine. Mama wa Walikale akisema Kinyanga, na mkalimani akimfasiri kwa Kiswahili, huenda sauti zao zinatenganishika. Fundi anayezichanganya njia hizo anaponakili mkanda huwa ameshatoa hukumu kabla mhariri hajaketi. Kisha msimulizi wa Kifaransa huwekwa juu, na Kinyanga hubaki mvumo tu. Ukungu wa mkanda husafishika. Mchanganyiko huo hautenguliki, hasa mkanda wenyewe ukishatupwa. Na Sony iliacha kuuza kanda za Betacam mwaka 2016.

Mfano bora upo, nao ni wa Walikale yenyewe. Utendi wa Mwindo, ulioimbwa na Shekarisi Rureke kwa siku 12 mwaka 1956, ulichapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969 ukiwa na matini ya Kinyanga pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Anayeitilia shaka tafsiri hurejea kwenye asili. Shahidi wa mauaji anastahili angalau heshima aliyopewa mwimbaji huyo: kila njia ya sauti inakiliwe peke yake, na jina la lugha liandikwe kwenye lebo kando ya tarehe na mahali. Wasemaji wa Kinyanga na Kihunde waliokuwa watu wazima mwaka 1993 wangali wapo, na wanaweza kuzinukuu sauti hizo.