Mchapishaji Katika Uhakiki Wetu: Maoni juu ya Kitabu cha Henry Chakava

Kiswahili hutofautisha mchapaji na mchapishaji. Wa kwanza hupiga chapa. Wa pili husababisha chapa ipigwe. Mnyambuliko huo wa kutendesha waeleza kazi yenyewe barabara: mchapishaji ndiye atoaye mtaji, achaguaye mswada, na abebaye hasara kitabu kisiponunuliwa. Hata hivyo, katika uhakiki wetu mtu huyu hatajwi ila kwa jina la kampuni yake, mwishoni kabisa, katika orodha ya marejeo.

Henry Chakava, aliyefariki mwezi wa Machi 2024, alisaidia kuliziba pengo hilo kwa kitabu chake Publishing in Africa: One Man's Perspective, kilichotoka mwaka 1996. Alijiunga na tawi la Heinemann la Nairobi mwaka 1972, akaja kuliongoza, na mwaka 1992 likaanza kuitwa East African Educational Publishers, chini ya wenyeji. Asemayo, basi, si maneno ya mtazamaji wa pembeni.

Mfano wake ulio mashuhuri ni Caitaani Mũtharaba-inĩ, riwaya ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o aliiandika kwa lugha ya Kikuyu akiwa kizuizini Kamiti, ikatolewa mwaka 1980. Kuichapisha kulihitaji ushujaa, maana mchapishaji alitishwa kwa ajili yake. Lakini ushujaa haununui karatasi. Nakala 5,000 za kwanza ziliuzwa upesi kuliko ilivyotazamiwa, ikabidi zipigwe nyingine. Fundisho tulipatalo ni kwamba lugha ya Kiafrika yaweza kuuza kitabu, mradi pawe na nyumba iliyokwisha kujijenga kwa vitabu vya shule, hata iweze kuthubutu.

Tunalolikosa kitabuni ni ushairi kupimwa kwa uzito uleule. Mgogoro wa ushairi wa Kiswahili tumeujadili miaka mingi kana kwamba ulikuwa wa vina na mizani peke yake. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, ifuatayo kanuni hizo, ilitolewa na Oxford University Press mwaka 1973. Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, kilichojitenga nazo, kilitolewa na Heinemann mwaka 1974. Diwani zote mbili zilitoka Nairobi, katika matawi ya kampuni za Kiingereza. Wanamapokeo na wanamabadiliko walishindana juu ya umbo, na wala hawakuuliza sana ni nani aliyezigharimia pande zote mbili, na alitazamia nani anunue.

Swali hilo bado lina maana. Kutoka Westlands, ambako nyumba ya Chakava ilikuwa na ofisi, hadi Riruta si mbali. Lakini ukiingia duka la vitabu huko Riruta na kuulizia diwani, yamkini mwenye duka atakuuliza kwanza: ni ya kidato cha ngapi? Haulizi kwa ujinga. Anaijua biashara yake. Kwake shairi lisilotahiniwa halina mnunuzi, na mchapishaji husikiliza mahesabu ya duka kama hilo kabla ya kuusoma mswada wa malenga mpya.

Ni rahisi kumlaumu mchapishaji kwa hayo. Lakini diwani za kutahiniwa hazichagui yeye peke yake. Ni sisi, walimu wa vyuo vikuu, tunaoombwa ushauri, tunaotunga miongozo, na tunaowafundisha watakaokuwa walimu wa sekondari. Tukirudia diwani zilezile mwaka baada ya mwaka, twamwambia mchapishaji kwa vitendo kwamba malenga wengine hawahitajiki, kisha twaandika makala kulalamika kwamba ushairi umedumaa.

Kitabu cha Chakava chastahili kusomwa katika idara zetu pamoja na vitabu vya nadharia. Na ingefaa kitafsiriwe kwa Kiswahili, ili hoja zake ziwafikie watunzi ambao maisha ya kazi zao yamo mikononi mwa mchapishaji.