Neno Lililovaa Koti la Maabara

Kiingereza kina maneno kibao ya kusema "mchanganyiko", na mengi hayakuzaliwa darasani. Yalitoka jikoni, zizini na kwa mfumaji wa nguo. 'Hotchpotch' ni mchuzi wa vitu vingi katika chungu kimoja, kabla wanasheria wa Uingereza hawajalichukua kueleza kukusanya mali pamoja ili igawanywe sawasawa. 'Potpourri' ni Kifaransa cha "chungu kilichooza", tafsiri ya jina la mchuzi wa Kihispania. 'Farrago', kwa Warumi, ni nafaka mchanganyiko za kulisha mifugo. 'Motley' ni kitambaa cha rangi rangi. Mfanyabiashara katika hadithi za Chaucer, karne ya 14, anavaa hicho hicho.

Hata 'hybrid', linalosikika la kitaalamu kabisa, lilianzia zizini. Kwa Warumi alikuwa mtoto wa nguruwe jike wa kufugwa na dume la mwituni. Halafu wakamwita hivyo hivyo mtoto ambaye mzazi mmoja ni Mrumi na mwingine ni mgeni. Umeona neno lilivyoruka ua, kutoka kwa mnyama hadi kwa mtu?

Sasa basi, sisi tunaoandika sayansi kwa watu wa kawaida tuna tabia moja. Tukigundua asili ya neno, tunadhani tumemaliza kazi: hili limetoka kwa nguruwe, kwa hiyo ni tusi, lile ni Kilatini safi, kwa hiyo ni la kitaalamu. Naona hoja hiyo haina miguu. Ushahidi wangu ni kijitabu kimoja cha kurasa 72.

Kilitoka New York mwishoni mwa Desemba 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikiwa vimepamba moto, na hakikuwa na jina la mwandishi. Kichwa chake kilianza na neno ambalo hakuna aliyewahi kulisikia: 'Miscegenation'. Limeundwa kwa Kilatini, 'miscere', kuchanganya, na 'genus', ukoo au aina. Kijitabu kilidai kwamba watu weupe na weusi wakioana watazaa taifa bora zaidi, na kwamba chama cha Republican cha Lincoln kinapaswa kusimamia jambo hilo.

Ulikuwa utapeli mtupu. Waandishi walikuwa David Goodman Croly na George Wakeman, watu wa gazeti la World la New York, lililounga mkono chama cha Democratic. Hawakuamini hata mstari mmoja wa walichoandika. Walitaka wapiga kura weupe waogope na kumkataa Lincoln mwaka 1864. Wakawatumia wapinga utumwa mashuhuri nakala, wakiwaomba maoni, na baadhi walijibu kwa kusifia.

Ukikisoma kama kazi ya kueneza sayansi, lazima ukubali kwamba kimeandikwa kwa ujanja mkubwa. Kinaanza na kazi ambayo kila mwanasayansi anaiheshimu: kurekebisha istilahi. Wakati huo neno lililotumika lilikuwa 'amalgamation'. Kijitabu kinalikosoa kwamba ni la mafundi wa madini, la kuchanganya metali na zebaki, kwa hiyo halifai kwa binadamu. Hoja yenyewe ni ya kweli! Msomaji akishakubali hilo, amemwamini mwandishi, na yanayofuata anayameza bila kutafuna.

Lakini lile neno jipya linabeba kosa kubwa kuliko la zamani. Msomaji wa biolojia akisikia 'genus' anafikiria jenasi, ngazi iliyo juu ya spishi. Binadamu wote tuliopo ni spishi moja, Homo sapiens. Neno linakuaminisha kwamba kuna aina mbili za watu kabla hoja yoyote haijatolewa.

Lincoln alishinda hata hivyo. Neno ndilo halikufa. Utapeli ulipofichuka, watu waliutupa mzaha na kulibakiza jina, nalo likaingia kwenye sheria za ndoa. Mwaka 1958 Richard Loving, mweupe, na Mildred Jeter, mwenye asili ya Kiafrika na ya Wamarekani wa asili, walifunga ndoa Washington, D.C. Waliporudi kwao Virginia wakakamatwa. Hukumu ilikuwa kifungo cha mwaka mmoja, au wahame jimbo hilo kwa miaka 25. Walihama. Mahakama Kuu ya Marekani ilizifuta sheria hizo tarehe 12 Juni 1967, miaka zaidi ya 100 baada ya wahuni wawili wa gazeti kukaa chini na kamusi ya Kilatini.

Linganisha na 'miscellaneous'. Mzizi ni ule ule, 'miscere', na halijamdhuru mtu. Kazi yake ni kupanga matumizi madogo madogo kwenye bajeti. Kwa hiyo mzizi hauhukumu. Kinachohukumu ni kazi neno lililopewa, na nani aliyelipa.

Na sisi tusijione tuko salama. Kiswahili nacho kimechota jikoni: mseto ni chakula cha mchele na choroko, leo tuna serikali ya mseto na dawa mseto ya malaria, na hakuna aliyeumia. Ila tuna chotara pia. Tunasema mahindi chotara, kuku chotara, halafu tunamwita mtu chotara, kwa pumzi ile ile. Neno limeruka ua ule ule. Wengine watajitetea kwamba mahuluti ni bora kwa sababu lina asili ya Kiarabu na linasikika la kisomi. Hapo ndipo Croly na Wakeman wangetabasamu.

Pendekezo langu ni dogo. Kwenye mbegu na mifugo, chotara liendelee, mkulima analielewa. Tukiandika kuhusu jeni za watu, tueleze tu: wazazi wake wanatoka jamii fulani na fulani. Ni maneno mengi zaidi, najua. Lakini hayamwambii msomaji kwamba baba na mama wa mtu huyo ni viumbe wa aina mbili.