Fimbo ya Zakaria, Sauti ya Nyanya

Kila muhula kuna mmoja wetu anayehakiki Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi ya 1971, kwa nadharia ya saikolojia changanuzi, na kila mara jibu ni lile lile. Matamanio ya Rosa yanaitwa Idi (jina ambalo wazee wa kwetu Tororo wakilisikia hukumbuka mtu mwingine kabisa), fimbo ya baba yake Zakaria inaitwa Supaego, naye Rosa, Ego, anabanwa katikati hadi anaangamia. Mimi pia niliandika hivyo mwaka wa kwanza. Sasa naona tulikosea, na kosa si la Freud.

Katika kitabu chake cha 1923 kuhusu Ego na Idi, Freud hasemi kwamba Supaego ni mzazi anayechapa. Huzaliwa pale mtoto anapomchukua mzazi na kumweka ndani ya nafsi yake, akaendelea kumsikia hata asipokuwapo. Mtoto humwogopa baba, lakini pia humpenda na hutaka kuwa kama yeye. Je, Rosa angetaka kuwa kama Zakaria, mlevi anayempiga kwa sababu ya barua ya mvulana? Fimbo ilimpa hofu tu. Hofu hiyo ilimlinda kwa muda, hata katika shule ya wasichana, lakini ilipokatika, chini yake hapakuwa na kitu.

Baba yangu nilimwona mara chache. Mama aliuza mitumba Busia, upande wa Kenya, nami nililelewa na nyanya Tororo. Kwa hesabu ya insha zetu, mimi sina Supaego! Lakini hadi leo, nikishawishika kumdanganya afisa wa forodha kuhusu mzigo wa mama, nasikia nyanya akikohoa. Hakuwahi kunichapa. Nilipewa jina la marehemu mumewe, kwa hiyo aliniita "mume wangu" (Freud angetabasamu) na kunieleza namna mwenye jina hilo alivyokuwa akilipa madeni yake.

Malinowski aligusa jambo hili mwaka 1927: katika visiwa vya Trobriand, aliandika, mwenye amri juu ya mtoto ni mjomba, si baba. Basi kabla ya kuchora yale masanduku matatu, tungeuliza kwanza ni nani hasa aliyeingia ndani ya mtoto huyu.

Na hapo nalazimika kujisahihisha, kwa maana nimesema haraka mno kwamba Rosa hakubeba kitu. Regina yuko wapi katika insha zetu? Mama huyu anayepigwa na kuvumilia ndiye aliyekuwa karibu na binti yake. Huenda Rosa alibeba sauti ya mama, na sauti hiyo ilimwambia anyamaze. Nikizisoma tena kurasa za mwisho, nadhani ndiyo anayoitii.