Jina katika Maandishi ya Ukumbusho: Burwash na Nairobi

Maandishi yachongwayo kwenye kuta za makanisa na chini ya masanamu ili kuwakumbuka waliokufa vitani hayahesabiwi mara nyingi kuwa ni fasihi. Wahakiki huwaachia wanahistoria. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba maandishi hayo ni utanzu wenye fani na maudhui yake, na kwamba nguzo ya utanzu huo ni jina la mtu. Tutaangalia mahali pawili palipoguswa na mwandishi mmoja, Rudyard Kipling: kanisa la parokia ya Burwash, kusini mwa Uingereza, na sanamu ya askari katika mji wa Nairobi.

Katika vita vya 1914–1918 serikali ya Uingereza ilikataza maiti za wanajeshi zisirudishwe kwao. Wazazi wengi, basi, hawakuwa na kaburi la kuzuru. Badala yake walitundika mbao za shaba au mawe katika makanisa yao ya parokia na kuyaandika majina humo. Fani ya maandishi hayo ni nyepesi kupita kiasi. Ni orodha tu, mara nyingi kwa mpango wa alfabeti, haina sitiari wala sifa. Hata hivyo msomaji anapokuta jina la ukoo mmoja limerudiwa mara mbili au tatu, huelewa msiba wa nyumba nzima pasipo kuelezwa. Orodha imetimiza kazi ya shairi.

Kipling alihamia Burwash mwaka 1902. Mwanawe John, kijana wa miaka 18, alipotea katika mapigano ya Loos mwezi wa Septemba 1915, na baba alikufa mwaka 1936 bila kuonyeshwa kaburi lake. Katika kanisa la Mtakatifu Bartholomew kuna bamba la shaba lenye jina la kijana huyo. Jina lake limo pia katika ukumbusho wa kijiji ulio karibu na kanisa, wenye taa inayowashwa kila ifikapo siku aliyokufa mmoja wa walioandikwa pale. Waswahili husema, jina jema hung'aa gizani. Burwash methali hiyo imefanywa kuwa desturi.

Kipling aliijua vyema thamani ya jina. Tume ya Kifalme ya Makaburi ya Vita, iliyoundwa mwaka 1917, ilimtegemea kwa maneno. Ndiye aliyechagua kutoka sura ya 44 ya Yoshua bin Sira usemi kwamba jina la wafu laishi milele, nao ukachongwa katika makaburi makubwa ya Tume. Na pale ambapo maiti haikutambulika, ndiye aliyetoa maneno ya kusema kwamba askari huyo anajulikana na Mungu.

Mwandishi huyo huyo ndiye aliyetunga maneno ya sanamu ya Nairobi, iliyosimamishwa mwaka 1928 katika barabara ambayo leo yaitwa Kenyatta Avenue. Maneno yameandikwa kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, na kwa hati za Kiarabu. Yanawakumbuka wanajeshi wa Kiafrika, na wapagazi ambao yanawaita miguu na mikono ya jeshi. Kisha yanamwambia msomaji kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Jina limeahidiwa, lakini juu ya jiwe lile hakuna jina hata moja la aliyekufa.

Tuyachunguze maneno hayo kama tuchunguzavyo kazi yoyote ya fasihi. Sitiari ya miguu na mikono yafaa kusifiwa kwa kuwa inakiri kazi ya mpagazi, ambaye masimulizi mengi ya vita humsahau. Lakini miguu na mikono ni viungo vya mwili ambao kichwa chake kiko kwingine. Na kiungo hakina jina lake. Sentensi ya mwisho ina kasoro kubwa zaidi. Imejengwa kwa sharti, kwa nafsi ya pili, na kwa wakati ujao. Haisemi na aliyekufa wala haimlilii. Inasema na kijana aliye hai ambaye huenda akahitajiwa kesho. Yaliyoanza kama maombolezo yamegeuka kuwa wito wa kuandikisha askari.

Tena, sentensi hiyo inauhamisha wajibu. Burwash kijiji na kanisa vimejitwika kazi ya kulitunza jina. Nairobi kazi hiyo wameachiwa watoto wa marehemu, ambao hata hawakuonyeshwa baba zao wamezikwa wapi.

Fasihi ya Kiswahili ilikwisha kuwa na mfano ulio bora. Katika Al-Inkishafi, shairi la mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anauliza wako wapi watu wa Pate waliokufa, naye anawataja kwa majina. Nguvu ya swali lake imo katika majina hayo.

Yumkini mtu atatetea kwamba majina ya wapagazi hayakuandikwa, hivyo mtunzi hakuwa na la kuchonga. Utetezi huu hautoshi. Ripoti iliyotolewa na Tume hiyo mwezi wa Aprili 2021 ilikiri kwamba usawa uliotangazwa katika kuwakumbuka wafu haukufuatwa, na Tume ikaomba radhi. Ripoti ilikadiria kuwa watu wasiopungua 116,000, na labda kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Na mwezi wa Januari 2025 ukumbusho ulifunguliwa Cape Town wenye majina ya Waafrika zaidi ya 1,700 wa vikosi vya kazi. Yaonyesha kwamba yalipotafutwa, mengi yalipatikana.

Kwa kumalizia, tuseme kwamba lugha yetu ilikwisha kujenga ukumbusho wake: Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Lakini hilo nalo ni jina la kundi. Majina ya watu yangali katika daftari za zamani, na katika nasaba zinazosimuliwa na wazee wa familia. Kuyakusanya na kuyaandika kwa tahajia sahihi ni kazi ya idara za lugha kama zilivyo idara za historia, na haifai kungojea tume ya ng'ambo. Kila mzee afapo, orodha inapungua.