"Udongo wa Fedha": Istilahi Inayopotosha

Miongoni mwa istilahi zinazomjia upesi mfasiri wa vitabu vya ufundi imo "udongo wa fedha", pamoja na nduguye "udongo wa metali". Kinachotajwa ni malighafi ya kutengenezea mapambo na sanaa ndogo ndogo, iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Mitsubishi Materials ya Japani katika miaka ya 1990. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tafsiri hiyo, ijapokuwa ni nyepesi kutamka, haifai kuachwa ienee.

Kwanza, hamna udongo ndani yake. Ni vumbi laini mno la metali lililokandwa kwa maji na kitu cha kunatisha. Mkazi wa Geita akisikia "udongo wa dhahabu" atafahamu mchanga wa machimboni unaongoja kuoshwa, wala si kitu cha kufinyangia pete. Karani wa forodha naye, akisoma "udongo" katika hati ya mzigo, hatalaumiwa akidai kibali cha udongo. Watetezi watasema kwamba Waingereza nao wametumia neno lao la udongo. Ni kweli, lakini neno lao lataja udongo wa mfinyanzi, ilhali letu lataja hata ule wa shambani.

Kosa kubwa zaidi limo katika kitenzi "kuyeyusha", ambacho mara nyingi hufuatana na istilahi hii. Fedha huyeyuka kwenye nyuzi 961 za sentigredi. Kazi hii huchomwa chini ya hapo: kinatishi huungua na kutoweka, chembe za metali zikashikamana pasipo kuyeyuka, na kitu chenyewe kikasinyaa kwa asilimia 8 hadi 30, kutegemea aina. Mwanafunzi aliyeambiwa "yeyusha" atazidisha moto mpaka pete igeuke donge. Na asiyeambiwa habari ya kusinyaa atatoa pete isiyoingia kidoleni. Hapo istilahi mbaya haiwi aibu ya kamusi tu, bali hasara ya mali.

Maneno yanayofaa hayako mbali. Sonara hufua, husubu na hulehemu. Mfinyanzi hufinyanga, hukausha na huchoma. Ufundi huu wafuata njia ya mfinyanzi ingawa zao lake ni la sonara. Kwa hiyo vitenzi "kufinyanga", "kuchoma", "kushikamana" na "kusinyaa" vyatosha bila kuunda kipya. Kwa malighafi yenyewe twapendekeza "kinamo cha metali", kwa kuwa kinamo hutaja hali ya kunata na kukubali umbo, wala hakidai kuwapo kwa udongo. Kutoka hapo twapata kinamo cha fedha, cha shaba na cha dhahabu.

Walimu wa ufundi na wafasiri wanaombwa walijaribu pendekezo hili kazini kabla ya kulikubali au kulikataa, maana karakana ndiyo hakimu wa istilahi za mafundi.