Nani Anacheka?

Niliitazama American Fiction katika ukumbi wa chuo ninakosomea shahada ya uzamili, hapa Marekani. Watazamaji karibu wote walikuwa Wazungu. Walicheka sana, nami nikacheka. Nilipokuwa natoka nje ndipo nilipojiuliza: mbona filamu inayowasema wao haikumkera hata mmoja?

Filamu hiyo ya Cord Jefferson, ya 2023, imetokana na Erasure, riwaya ya Percival Everett ya 2001. Monk, mwandishi Mweusi, amechoka kuambiwa kwamba vitabu vyake havina "uweusi" wa kutosha. Kwa hasira anaandika kitabu cha bunduki na lugha ya vijiweni, makusudi awaaibishe wachapishaji. Wanakipenda! Wanammwagia pesa. Kuna onyesho moja ambalo peke yake linailipa tiketi: majaji watano wa tuzo wanakijadili kitabu hicho. Wawili Weusi wanakikataa, watatu Wazungu wanakipitisha, na mmoja wa hao watatu anasema, bila kupepesa macho, kwamba wakati umefika wa kuzisikiliza sauti za Weusi.

Ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko. Kila mtu alikuwa na hakika kwamba jaji yule ni mtu mwingine.

Hapo ndipo ninapomkumbuka Spike Lee. Katika Bamboozled, ya 2000, mwandishi wa televisheni anabuni kipindi cha Weusi waliojipaka masizi usoni, akitumaini kufukuzwa kazi. Kipindi kinapendwa, na baadaye watazamaji wenyewe wanakuja studio wamejipaka masizi. Filamu ya Lee ni ndefu na ina kelele, lakini haikuachii pa kujificha. Mwishoni anapanga vipande vya filamu na katuni za kweli za zamani, kimoja baada ya kingine, hadi kicheko kinakukauka kooni. Jefferson ni fundi zaidi, ila ni mpole mno. Anakuruhusu utoke ukijipongeza.

Hao ni wahusika wa kubuni. Dave Chappelle yalimkuta kweli. Mwaka 2005 alikiacha kipindi chake, na mkataba uliotajwa kuwa wa dola milioni 50, akaenda Afrika Kusini. Baadaye alimweleza Oprah Winfrey kwamba walipokuwa wakirekodi kichekesho ambamo yeye ni kijini mwenye masizi usoni, Mzungu mmoja pale studio alicheka kwa namna iliyomtia wasiwasi. Kichekesho kilikusudiwa kuudhihaki ubaguzi, lakini kicheko kile kilikuwa cha kitu kingine. Nalihusudu sikio lile.

Nalihusudu kwa sababu yangu halikunisaidia. Muhula uliopita nilipeleka darasani hadithi ya kuchekesha kuhusu bibi wa Tanga anayezozana na fundi televisheni. Wenzangu waliisoma kwa adabu, kisha mmoja akauliza mbona haina "Afrika" ndani yake. Niliiandika upya. Nikamuua mjukuu kwa malaria, nikaiondoa televisheni. Safari hii walinyamaza kwa heshima, na mmoja alifuta machozi.

Jarida moja la hapa limeomba kuichapisha. Barua pepe yao ina wiki mbili sasa. Sijajibu.